Wapanda baiskeli wa Dar: kilima cha Pugu si tatizo, tuzungumzie mchanga wake

Tairi_Nene (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kila wiki kwenye nyuzi za mazoezi kuna mtu anauliza: "Nataka baiskeli ya kuingia nayo porini, ninunue ipi?" Majibu yote yanakuwa ya bei. Huyu anasema milioni mbili, yule anasema bila milioni nne usijisumbue. Hakuna anayemuuliza jamaa anakwenda pori gani. Nimeona nishushe uzi kuhusu ardhi yenyewe, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi na vijiji vya Kisarawe, nje kidogo ya Dar, kwa sababu ukishaijua ile ardhi, swali la baiskeli nusu yake limeshajibiwa.

Kwanza kwa wageni wa mambo haya. Baiskeli ya changarawe, ambayo wengi tunaiita graveli, ina usukani wa kuinama kama baiskeli ya mbio, lakini fremu imeachiwa nafasi ya kuweka tairi nene, milimita 35 mpaka 50 hivi. Breki kawaida ni za diski, na nyingi hazina springi mbele. Kwenye lami inaiacha baiskeli ya milima, kwenye vumbi inaiacha ya mbio. Kwa mtu wa Dar hilo lina maana, kwa sababu kabla hujaona mti wa kwanza wa Pugu umeshakula lami ya Barabara ya Nyerere: Tazara, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, ndiyo Pugu. Malori hayo, vumbi hilo. Mimi binafsi kipande hicho sikipendi na sioni ushujaa wowote wa kukipita saa mbili asubuhi. Toka nyumbani saa kumi na moja na nusu, au pakia baiskeli kwenye gari la rafiki mpaka Kisarawe mjini, hakuna atakayekudai maelezo.

Sasa ardhi. Watu wanaogopa vilima. Vilima vya Pugu havifiki hata mita 400 kutoka usawa wa bahari, kwa gia ndogo utapanda tu huku unaongea. Kinachowashusha watu ni kilicho chini ya tairi, na huko kuna udongo wa aina tatu ambao unaweza kukutana nao wote asubuhi moja.

Kuna moramu nyekundu, barabara za kutoka Kisarawe kwenda vijijini. Hii ni tamu. Imeshindiliwa, inakimbia, tatizo lake ni yale mawimbi madogo madogo yanayokung'oa meno kwenye mteremko. Kuna udongo mweupe wa Pugu, kaolini, ule wa kutengenezea vyombo vya kauri. Ukiwa mkavu ni kama umekanyaga sakafu. Ukilowa, shuka utembee, na hata kutembea ujihadhari.

Halafu kuna kichanga. Hapa nitakaa kidogo.

Njia nyingi za upande wa Kazimzumbwi na zile zinazotokea Chanika zina mabwawa ya mchanga. Unakuja na mwendo wako mzuri, njia inaonekana ngumu, mara gurudumu la mbele linazama sentimita tatu na usukani unaanza kuchora nane mikononi. Silika inakwambia ushike breki na ukaze mikono. Ukifanya hivyo uko chini. Dawa inaanza kabla ya kuingia: ukiona rangi ya njia imepauka mbele yako, shusha gia mapema, maana ukiwa ndani ya mchanga cheni haitaki kuhama. Rudisha makalio nyuma kidogo ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Legeza viwiko. Angalia mwisho wa mchanga, usiangalie tairi. Kanyaga pedeli kwa mwendo ule ule, bila kusukuma kwa hasira. Baiskeli itacheza chini yako, iache icheze. Na usikate kona kwa usukani, ielekeze kwa kiuno.

Kabla ya hayo yote tazama pembeni. Mara nyingi ukingo wenye majani unapitika wakati katikati hapapitiki. Au fuata mstari wa bodaboda, wao wameshakushindilia.

Kingine ni upepo. Watu wa Dar tunajaza tairi mpaka linalia ukilipiga kidole, kwa sababu fundi akikujazia hivyo unajisikia umehudumiwa. Tairi gumu mchangani ni kisu, linakata linazama. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi ya milimita 40 yenye tyubu, upepo wa PSI 35 mpaka 40 unatosha kwa safari ya mchanganyiko, na ukijua mbele kuna mchanga mrefu shuka mpaka 28 au 30. Tairi linatanuka na kuelea juu. Ila usizidishe: ukigonga jiwe na upepo mdogo, rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa jirani. Ukiona matundu mawili usitafute mwiba, tatizo ni upepo. Kwa hiyo pampu ya mkono iwepo, na kipimo cha upepo ukiweza.

Majira: masika ya Machi hadi Mei msihangaike. Mfinyanzi unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mnaharibu njia za watu. Juni mpaka Septemba ndiyo kipindi chake, kuna ubaridi na njia ni kavu. Kuna siku moja nzuri kuliko zote, nayo ni kesho yake baada ya mvua ndogo. Mchanga uliolowa kidogo unashikana, na pale ulipozoea kusukuma unapita umekaa.

Mwisho, ule msitu si shamba la bibi. Pugu Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Pitia getini upande wa Kisarawe, lipa kiingilio kwa namba ya malipo kama malipo mengine ya serikali, uliza njia zipi ziko wazi kwa baiskeli siku hiyo. Vile vichochoro vinavyojitokeza tu pembeni, vingi ni vya wakata miti. Usivifuate.

Karibuni tujadili.

Ngoja_Waje

Nimekaa paleee. Picha ziko wapi mkuu?

Mshua_wa_Kimara

Yaani nitoe milioni nne ninunue baiskeli isiyo na springi, halafu niende Kisarawe kuisukuma kwenye mchanga? Hiyo hela si napata bodaboda ya kuniingizia chochote? Mambo mengine tuwaachie wazungu.

Mzaramo_Halisi

Mshua unachekesha. Mambo ya wazungu kivipi? Kabla hamjalijua hilo jina la graveli, wajomba zangu walikuwa wanatoka Kisarawe usiku na Phoenix, nyuma gunia za mkaa zimefungwa kwa mipira ya tyubu iliyochanwa, alfajiri wako Gongo la Mboto. Baiskeli haina gia hata moja. Breki za fito zile, kwenye mteremko wa Pugu jamaa anashuka huku soli ya kandambili imekanyaga tairi. Wakifika kwenye mchanga wanashuka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, wanausukuma bila kusimama kwa sababu ukisimama hautoki tena.

Sisifii mkaa, msitu umeumia na sisi wenyewe tumeuona ukiumia. Nasema tu hizo njia mnazoziita za mazoezi zilichongwa na baiskeli. Na hilo la upepo mleta uzi amesema kweli, wajomba nao walikuwa wanapunguza la mbele wakishaiacha barabara kubwa.

Tairi_Nene

Mzaramo_Halisi umeongeza nyama. Mshua, hata hao wenye mashindano yao hawana siku nyingi. Lile kubwa la Marekani, la Kansas, mji wa Emporia, lilianza 2006, maili 200 za barabara za mashamba, kama kilomita 320. Ubingwa wa dunia wa graveli ulifanyika kwa mara ya kwanza 2022 huko Veneto, Italia. Majirani zetu Kenya wana Migration Gravel Race ndani ya Maasai Mara tangu 2021. Na 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kwa hiyo ukisema ya wazungu, angalia nani anakupita huku umekaa Kimara.

Na sijasema mtu anunue ya milioni nne. Rudi usome, sijataja bei yoyote ya kwangu.

Mshua_wa_Kimara

Haya bwana, nimenyamaza. Ila bodaboda bado inaingiza hela.

binti_tabata

Asante kwa uzi kaka. Nina baiskeli ya mtumba ya milima, gurudumu 26, gia tatu mbele saba nyuma, springi ya mbele imekufa kabisa haibonyei. Naitumia mtaani tu. Je, inafaa kwa huko au nitajiaibisha? Na swali la pili ni la usalama. Mimi ni mwanamke, sitaki kusikia habari za "utazoea".

Tairi_Nene

Dada, hiyo inafaa kuliko graveli nyingi. Tairi la inchi 2 ni kama milimita 50, huo ndio upana wa mchangani. Na gia ndogo ya mbele kwenye hizo baiskeli, nyingi ni meno 22 au 24, ukiweka na meno 28 nyuma unapanda chochote kilichopo Pugu. Graveli nyingi za dukani hazishuki kiasi hicho. Springi iliyokufa si hasara, imegeuka uma wa kawaida wa kushikia gurudumu la mbele, ni uzito tu.

Usalama: usiende peke yako, na hilo nawaambia wanaume pia. Nenda na watu wanne watano, na mmoja aliyebaki mjini ajue mnapita wapi na mnatoka saa ngapi. Ndani ya hifadhi mnaweza kuomba mhifadhi au mwongozaji. Kwenye barabara za vijiji kuna watu muda wote, wanafunzi, kina mama wanaokwenda shamba, bodaboda. Mimi wasiwasi wangu huwa mkubwa kwenye vipande vya katikati, vile ambavyo si mji wala kijiji, pembeni ya Pugu na Chanika. Hapo msitoe simu kupiga picha.

Fundi_Buguruni

Nimesoma nimeona niingie kwenye fani yangu kabla watu hawajala hasara.

Mtu anakuja kwangu na tairi nzuri ya graveli kanunua Kariakoo, anataka nimwekee kwenye Phoenix. Haiingii, na tukilazimisha inapasuka tyubu. Jamani, msisome "28" mkaridhika. Angalieni ubavuni mwa tairi, kuna namba mbili zenye kistari, mfano 40-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Graveli na baiskeli za mbio za 700C ni 622. Milima ya 29 nayo ni 622, ile ile. Phoenix ya 28 ni 635. Milima ya 26 ni 559. Zile 27.5 ni 584. Namba ya pili isipolingana, rudisha tairi dukani.

Cheni. Acheni oili chafu ya gari! Najua ni ya bure na mafundi wenzangu wanaipaka. Inanata, mchanga wa Kisarawe unaganda humo, unakuwa msasa. Cheni inalika, halafu inakula meno ya friwili, baadaye unabadilisha vyote. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, weka tone moja moja la oili nyepesi ya cherehani kila kiungo, zungusha, subiri, futa tena ya juu yote. Ikionekana imelowa, umezidisha.

Breki: za mpira ukirudi kutoka kwenye vumbi, toa kile kipande cha mpira uangalie uso wake. Kuna vijiwe na vipande vya bati vimejichomeka. Vitoe kwa ncha ya spoku. Usipotoa vinachonga rimu kila ukishika breki.

Dada wa Tabata, habu za mtumba, yaani vile vitovu vya magurudumu, kwanza zifunguliwe, grisi ya zamani ikiwa imekauka utasaga gololi. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Kigamboni_Kwetu

Nyie mnahangaika na malori ya Barabara ya Nyerere wakati huku Kigamboni tuna kivuko na daraja. Unavuka, unafuata njia za ndani huko, minazi, upepo wa bahari. Mbona huku hamkutaji?

Mzaramo_Halisi

Kigamboni mchanga wenu hauna mwisho kaka. Wa Kazimzumbwi una mwanzo na mwisho.

Kigamboni_Kwetu

Hahaha, kweli kuna vipande vya kubeba begani. Lakini maji yakipwa unapita ufukweni kwenye mchanga mgumu kama lami. Unaangalia tu nyakati za bamvua na maji mafu ili usikutwe njiani maji yakijaa.

Fundi_Buguruni

Na ukirudi uioshe kwa maji baridi siku hiyo hiyo, hadi ndani ya cheni. Chumvi haisubiri kesho. Nyie watu wa ufukweni ndio mnaonilisha.

Mzee_wa_Minaki

Vijana, nimewasoma kwa furaha. Mimi nimekulia huko. Mnapoipita Pugu Sekondari mkumbuke Mwalimu Nyerere alifundisha pale kabla ya kujiuzulu mwaka 1955, na wengi wetu baada yake tulizijua njia hizo kwa miguu.

Nina mawili. La kwanza, watoto wa shule. Asubuhi njia zimejaa watoto, na baiskeli zenu hazina kelele. Mtoto anayesikia bodaboda hukimbilia pembeni, nyie hawawasikii. Pigeni kengele, punguzeni mwendo, salimieni. Mtu akipita bila salamu kijijini anaulizwa anatafuta nini.

La pili, msitu una wenyewe usiku. Kuna komba mdogo sana humo, yule wa Rondo, ambaye duniani anapatikana kwenye misitu michache tu ya pwani yetu. Na kwenye mapango ya zamani ya kaolini kuna popo wengi. Kwa hiyo mambo ya kuingia na mataa makali usiku, na spika kwenye begi, hapana.

Tairi_Nene

Shikamoo mzee. La kengele nilikuwa sijaliandika na ni la maana sana. Graveli nyingi haziji na kengele.

Mzee_wa_Minaki

Marahaba. Na upupu umewatajia? Sijauona.

Tairi_Nene

Sijautaja mzee, malizia wewe, mimi nitaeleza mbigili.

Mzee_wa_Minaki

Haya. Upupu ni mmea unaotambaa juu ya vichaka, una maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia, yanang'aa jua likipiga. Kiangazi ndiyo yamekauka, yaani kipindi hicho hicho mnachokisifia. Ukiyagusa kwa bega unapopita, au upepo ukiyapeperusha, utajikuna mpaka ulie. Kwa hiyo vaeni mikono mirefu, na njia ikiwa nyembamba msipige vichaka kwa fimbo. Ukiupata, usijikune na usisugue kwa nguo ile ile, unausambaza. Sisi tulikuwa tunapakwa majivu makavu, kisha yanakung'utwa pamoja na manyoya yake.

binti_tabata

Mzee shikamoo. Umenitisha lakini nakushukuru, nilikuwa nimeshapanga kwenda na bukta.

Tairi_Nene

Mbigili sasa. Ni ile mimea inayolala chini, ina maua madogo ya njano na mbegu zenye pembe ngumu. Haipo ndani ya msitu wenye kivuli, iko pembeni ya barabara, kwenye viwanja vya mpira na pale unapoegesha baiskeli kwenda kunywa chai. Watu wanatoboka wakiwa wamesimama. Kabla ya kuondoka zungusha tairi, pitisha kiganja taratibu, ukiikuta iliyochomoza ing'oe. Kama umeshasikia inapumua, usiing'oe kabla hujafika kivulini penye nafasi ya kazi, maana ikiwa ndani bado inaziba kidogo.

Beba tyubu nzima moja, viraka, sulushen ambayo haijakauka (fungua uangalie nyumbani), vijiko viwili vya kutolea tairi. Wanaotumia tairi zisizo na tyubu zenye maji ya kuziba, mbigili hawaijui, ila maji hayo hukauka haraka kwa joto letu. Tingisha gurudumu, usiposikia maji yakicheza ongeza.

Ngoja_Waje

Mkuu tupe basi njia moja ya kuanzia, ya mtu asiyejua chochote. Na picha.

Tairi_Nene

Anzia Kisarawe mjini, si Pugu. Kunywa chai pale, jaza maji chupa mbili, maana mbele ukikosa duka unategemea bahati. Kisha shika barabara ya kuelekea Maneromango. Lami inaendelea kuongezwa vipande vipande kwa hiyo usishangae ukianza kwa raha. Unapita mikorosho, mihogo, miembe. Utafika Masaki, kijiji chenye jina moja na ule mtaa wa matajiri wa Dar, na hapo kila mtu wa Dar lazima apige picha ya kibao awatumie wenzake kwamba amehamia Masaki. Geuza hapo au ingia njia za moramu za pembeni kwa kuuliza wenyeji, ukirudi Kisarawe kabla ya saa tano jua halijawa la kuua. Desemba mpaka Februari rudi saa nne.

Msitu wenyewe uweke safari ya pili, pamoja na bwawa la Minaki, ukiwa umeshajua mikono yako inafanya nini mchangani. Wanaokaa Mbagala wanaweza kuulizia msitu wa Vikindu, na wa Mbezi wana Pande, lakini Pande ni pori la akiba chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, lina wanyama, taratibu zake ni nyingine kabisa. Usijipeleke tu na baiskeli.

binti_tabata

Swali la mwisho kwa fundi. Nikitaka kubadilisha tairi kwenye hii 26 yangu nichukue upana gani, na yale yenye meno makubwa au yale laini?

Fundi_Buguruni

Chukua 50-559 au 54-559. Pima kwanza nafasi kati ya tairi lililopo na uma, kila upande uingie walau unene wa penseli, hasa nyuma karibu na pedeli ambapo fremu huwa imebana. Meno makubwa yaache, yanachimba mchanga na kwenye lami ya kutoka Tabata yatakuchosha bure. Tafuta lenye katikati laini au meno madogo yaliyokaribiana, na pembeni meno kiasi. Na ukienda dukani libonyeze ubavu kwa dole gumba: likiwa na nyufa ndogo ndogo, limekaa stoo miaka, hata kama muuzaji anakwambia ni jipya.